Steringi Asiyevua Kofia

Jumatatu. Mwanangu, miaka tisa, karudi na flashi. Kijana wa duka la muvi hapa Kilwa Masoko kamwekea The Mandalorian, sizini ya kwanza nzima, episodi 8, kwa buku moja. Nikauliza ni muvi ya nini. "Ya kauboi, Baba, ila wako angani." Nikamwambia tutaitazama wote.

Kauboi na mimi tunajuana tangu kibanda umiza, enzi tukiwasikia kwa sauti ya Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala. Lufufu hakutafsiri, alisimulia. Mzungu angeweza kukaa kimya dakika nzima, Lufufu asinyamaze: atakwambia huyu ni nani, ana nia gani, na kwa nini hutakiwi kumwamini. Mtoto wa leo ana maandishi ya Kiingereza chini ya kioo. Nusu haelewi, nusu anajijazia mwenyewe. Basi wiki hii Lufufu wa nyumba ni mimi.

Jumanne. Tamthilia hii ya Jon Favreau ilianza kuonyeshwa Novemba 2019, na ukiondoa nyota ni kauboi yule yule. Anaingia kilabuni, watu wananyamaza. Bunduki kiunoni, maneno ya kuhesabu. Kazi yake kuwinda watu kwa malipo. Farasi tu ndiye kageuka chombo cha angani.

Dakika za mwanzo kabisa kuna mtu anakatwa vipande viwili na mlango. Nilipoifikia rimoti alikwishakatika. Mwanangu akacheka, na kicheko kile kilinisumbua kuliko mlango wenyewe.

Alichokishika yeye ni kingine kabisa. Steringi havui kofia yake ya chuma mbele ya mtu yeyote. Ndiyo dini ya watu wake. "Anakulaje?" Anakula peke yake, nikasema. "Na akipiga chafya?" Hapo hata Lufufu angekwama.

Jumatano. Kusi inavuma, mashua za Kilwa Kisiwani zinavuka zikirusha maji hadi kwenye mapaja ya abiria. Nimefikiria malipo ya yule mwindaji: vipande vya chuma cha beskar vilivyopigwa mhuri wa dola iliyokwisha kuanguka. Masultani wa Kilwa nao walipiga sarafu zao za shaba, na maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika kule wataalamu wanabishana mpaka leo.

Alhamisi. Mama kakaa nasi kutazama episodi ya nne. Kwanza kamwangalia yule mtoto mwenye masikio mapana anayebebwa na steringi. Tulipomwambia ana miaka 50, akauliza, "Na bado hajasema?"

Kisha kikaja kijiji: watu wamesimama majini, wanavua vidudu vidogo vya buluu na kuvijaza kwenye vikapu. "Uduvi," Mama akasema, bila kuuliza mtu. "Ila hawa hawajui kutanda. Sisi tulishika kaniki, huyu huku, huyu kule, tunakwenda na maji." Wavamizi walipoingia kijijini alikasirika kama mwenye mali.

Kisa hicho si kigeni. Mwongozaji Kurosawa alikitengeneza Japani mwaka 1954, wanakijiji wakitafuta mashujaa wa kuwalinda na majambazi. Mwaka 1960 Wamarekani wakakivisha kofia za kauboi. Sasa kiko angani. Mama hajali. Kwake ni kisa cha uduvi.

Ijumaa. Tumekwenda Kilwa Kivinje kuhani. Baadaye tukapita ufukweni, kwenye majumba ya zamani yaliyoota miti ukutani. Mwanangu akauliza fedha za kujengea zilitoka wapi. Nikamwambia za biashara nyingi, na kubwa mojawapo ilikuwa watu. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na katika karne ya 19 hapa palikuwa bandari kubwa ya watumwa. Hata Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa 1873 kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, njia za magendo hazikukosekana.

"Na watoto?"

Na watoto.

Akanyamaza mpaka stendi. Tulipofika akaomba andazi.

Jumamosi. Umeme umekatika. Mama hakuiona episodi ya tatu, kwa hiyo mjukuu kaamua kumsimulia barazani, tena kwa sauti nzito ya kuazima:

"Sasa Bibi, steringi kampeleka mtoto kwa adui. Kalipwa chuma, tena kingi! Fundi mwanamke kakifua, kamtengenezea nguo mpya ya chuma, inang'aa. Keshapanda chombo chake aondoke. Kidole kiko hapa, roho ikamsuta! Karudi usiku. Walinzi, chini! Kambeba mtoto. Steringi hafi!"

Mama alikuwa anapeta mchele. Akapuliza makapi, akauweka ungo magotini.

"Na ile nguo aliirudisha?"

Mwanangu akanitazama mimi.

"Hakurudisha, Mama," nikasema. "Ndiyo anayoivaa mpaka leo."