Msimu wa samaki na mahindi: forfe gani ya intaneti kwa safari ya Kasenga na Pweto?

Kila mwaka uvuvi kwenye mto Luapula na ziwa Moero unafungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari. Machi ikifika, kamio zinatoka Lubumbashi kwenda Kasenga, Kilwa na Pweto kutafuta samaki. Mahindi yakikauka, zinarudi tena njia ileile. Kuna mama na vijana wanaokaa barabarani wiki mbili, tatu. Wanapika kando ya kamio, wanalala juu ya mizigo. Siku hizi, mbele ya kupanda, wanaulizana: tuweke forfe gani?

Wengi wanaangalia bei tu. Muuza inite anataja mega nyingi kwa franka kidogo, mtu analipa. Lakini forfe inahesabiwa kwa mega na kwa siku pia, na siku ndizo zinaisha mbele. Tuchukue mfano. Umelipa franka 10.000 kwa forfe ya siku 7. Kama siku 4 kamio iko mahali pasipo rezo, zile siku zinahesabika vilevile. Umelipa franka 10.000 kwa siku 3. Kwa safari kama hiyo, forfe ya siku 30 yenye mega kidogo inaweza kukufaa zaidi, ao ununue ya siku 1 kila unapofika penye rezo.

Kwa nini rezo inakatika njiani? Kwa kampuni, antena ni biashara: inawekwa penye wateja wengi. Vijijini hakuna umeme wa SNEL, antena inaishi kwa mazut ao kwa sola. Mvua ikiharibu barabara, mazut inachelewa, antena inazimika. Na hata ikiwaka, mara nyingi ni 2G: kuongea kunapita, intaneti inakwama.

Hapa kuna jambo ambalo wasafiri wengi wanasahau. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinaweza kutumika kwa kubonyeza namba, bila mega hata moja. Zinahitaji rezo tu. Kwa hiyo kwa mfanyabiashara, rezo inayofika kijijini ina maana kuliko intaneti ya mbio inayoishia mjini. Anayeikosa analazimika kubeba pesa mkononi, na kila mtu anajua hatari ya barabara zetu. Tena ananunua bila kujua bei ya Lubumbashi ya siku ile. Hasara ya gunia moja inapita bei ya forfe.

Kuna pia mtego wa mpaka. Ng'ambo ya Luapula ni Zambia. Ukiwa Kasenga, simu inaweza kushika rezo ya kule bila wewe kujua, na inite zikaanza kukatwa kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio ya simu, funga intaneti ya ugenini, na uchague rezo ya Congo wewe mwenyewe.

Na Starlink? Machi 2024 ARPTC ilisema ni marufuku. Mei 2025 ikapata ruhusa ya kufanya kazi nchini. Inashika penye anga wazi hata bila antena karibu. Lakini kuna kununua chombo, kukilisha umeme wa betri ya kamio, na kulipa kila mwezi. Tena si kila forfe yake inaruhusu kuhama nayo. Kwa mtu mmoja ni mzigo. Kwa wenye kamio kadhaa wanaochangia, hesabu inaweza kutoka.

Kwa hiyo, mbele ya kununua, uliza madereva waliorudi wiki hii ni rezo gani inashika Kasomeno, Kilwa, ao kijiji unakoenda. Beba SIM mbili za kampuni mbili. Zima video zinazojifungua zenyewe.

Lakini tusimwachie msafiri mzigo wote. Sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020 inazungumzia huduma ya mawasiliano kwa wote, na kuna mfuko wa serikali kwa kazi hiyo. Wabunge wetu wa Haut-Katanga waulize wazi: katika barabara hii ya samaki na mahindi, mfuko huo umepanga antena ngapi, na lini?