Kabla Hujanunua Bolti Mpya

Kwenye kipindi cha wiki jana niligusia kidogo tu habari ya vidonge vya peintiboli kupasukia ndani ya bunduki, na meseji zikamiminika. Wengi mnauliza swali lile lile: ninunue bolti gani? Jibu langu halitawafurahisha wenye maduka. Kwa sasa, usinunue.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Tippmann 98 yangu ilikuwa inasaga vidonge kila tukicheza. Nikatoa pauni 40, nikaagiza bolti nyepesi ya plastiki. Jumamosi iliyofuata msituni, uji ule ule wa rangi, na binamu zangu wananicheka. Kumbe bolti haikuwa na kosa. Shida ilikuwa kile kimpira kidogo cha pembeni kinachozuia kidonge kisiteleze mbele kabla ya wakati wake. Kilikuwa kimelika. Kidonge cha kwanza kikiteleza, cha pili kinaingia nusu, bolti inakuja mbele na kukikata kama kisu. Kimpira chenyewe bei yake haizidi chakula cha mchana. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo anza kwa kuangalia rangi imepasukia wapi. Toa vidonge na hewa yote kwanza, kisha fungua mtutu. Kama uso wa bolti na chemba vimechafuka, tatizo liko kwenye kulisha: kimpira kimelika, au hopa inadondosha vidonge polepole kuliko kidole chako kinavyofyatua. Kama chemba ni safi na mtutu peke yake ndio mchafu, bolti iache. Hapo ama mtutu unabana, ama una rangi ya mara iliyopita, ama vidonge vyenyewe ni vibovu. Ganda la kidonge ni jelatini: baridi hulifanya livunjike ovyo, unyevu hulivimbisha. Ukilaza mfuko wa vidonge kwenye buti ya gari usiku wa Januari hapa Uingereza, hakuna bolti itakayokuokoa.

Halafu kuna matunzo. Ukirudi nyumbani, futa bolti mpaka iwe kavu, kagua oringi zake. Iliyochanika au kukauka, badilisha. Tumia mafuta au grisi aliyotaja mtengenezaji wa bunduki yako, matone machache tu. Zile dawa za kupuliza za kulegezea kutu, waachie mafundi wa magari, zinaharibu oringi.

Sisemi bolti za kisasa ni utapeli. Yenye ncha ya mpira hukigusa kidonge kwa upole, na ukitumia vidonge vya mashindano vyenye ganda jembamba, utaona tofauti. Ila hiyo ni hatua ya mwisho, baada ya zote za bei rahisi.

Ninachopinga ni hii tabia yetu ya kununua kabla ya kufungua. Baba yangu hakuwahi kutupa redio bila kuichungulia ndani kwanza. Sisi tuna digrii, lakini bisibisi hatuna.

Wikiendi hii, kabla hujafungua pochi, fungua bunduki. Ukikuta kimpira kimelika, nitumie picha. Nitacheka, lakini nitacheka na wewe.