Programu za afya simuni: Wazee wa Kagera wasisahauliwe

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

HUDUMA za afya kwa njia ya simu za mkononi zinazidi kuenea nchini. Swali ni je, watengenezaji wake humfikiria nani wanapozibuni? Katika wilaya za Bukoba na Muleba, swali hilo lina uzito wa pekee.

Mkoa wa Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983. Ugonjwa huo uliwaondoa wazazi wengi vijana na kuwaachia mabibi na mababu kazi ya kulea wajukuu. Ndiyo maana mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee lilianza kutoa pensheni ndogo ya kila mwezi kwa wazee wa Nshamba, wilayani Muleba. Mlezi wa namna hiyo akiugua shinikizo la damu na kuacha dawa, nyumba nzima huyumba.

Hata hivyo, programu nyingi hutaka simu janja, intaneti na uwezo wa kusoma herufi ndogo. Mzee wa kijijini mwenye simu mara nyingi ana kitochi. Macho yamepungua nguvu, vidole vinatetemeka, na lugha anayoelezea maumivu yake ni Kihaya.

Funzo lipo hapa hapa nchini. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni ilianza kuwatumia wajawazito ujumbe mfupi bila malipo, hata kwenye simu za kawaida. Lakini ujumbe huo humhitaji msomaji. Mpango wa m-mama umekwenda mbali zaidi: katika dharura ya uzazi, mtu hupiga 115 bure, mratibu husikiliza na kutafuta usafiri. Kazi ngumu hufanywa na kituo, si na mgonjwa.

Wazee wanastahili mpangilio kama huo: simu inayozungumza kwa Kihaya au Kiswahili, inayokumbusha siku ya kliniki katika hospitali ya Rubya au Ndolage, na kitufe kimoja tu cha kurudia maelezo.

Wapo watakaosema mjukuu atasoma. Ni kweli, na msaada huo ni mkubwa. Lakini mjukuu huwa shuleni mchana, na si kila ugonjwa bibi angependa ujulikane na mtoto. Basi ujumbe utaje tarehe bila kutaja ugonjwa, na mzee mwenyewe achague msaidizi wake.

Simu haitibu. Kikumbusho kinachompeleka mzee kwenye zahanati isiyo na dawa kitampotezea nauli na imani. Kwa hiyo, kabla ya programu yoyote kuzinduliwa, ipelekwe kwanza Nshamba au Kamachumu, wazee waishike kwa mikono yao. Wakishindwa kuitumia, kasoro isitafutwe kwao, bali kwa aliyeibuni.