Nesi wa Diploma Akitaka Digrii, Nani Amlipie?



Kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuna ubishi ambao haujaisha. Kamanda mmoja alipendekeza sera yetu ya elimu itamke waziwazi kwamba wanaosoma digrii ya uuguzi wagharamiwe na serikali hata kama wako vyuo vikuu vya makanisa. Akashambuliwa kutoka pande mbili. Upande mmoja ukasema nesi digrii ya nini, sindano ni sindano. Upande wa pili ukasema hela ya umma haiingii kanisani, nchi hii haina dini. Nimesoma jumbe zote, na naona tumebishana pembeni ya shida yenyewe. Shida iko kwenye masharti mawili ya mwongozo wa mikopo, nitayafikia.

Kwanza tuelewane kuhusu njia, maana wengi wanazichanganya. Usajili wa wauguzi Tanzania unasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Njia ya moja kwa moja ni ile ya kidato cha sita: unasoma PCB au tahasusi inayokubalika, unadahiliwa digrii, unakaa chuo miaka minne, unafanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, unafanya mtihani wa leseni, ndipo unasajiliwa. Njia nyingine inaanzia kidato cha nne. Unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. (Ndiyo, hata chuo kikiwa cha kanisa, alama yako ya somo la Biblia haihesabiwi.) Unasoma diploma miaka mitatu, unasajiliwa, unaanza kazi kama afisa muuguzi msaidizi. Baadaye ukitaka kujiendeleza unaomba chuo kikuu kwa sifa linganishi, GPA yako isiwe chini ya 3.0, na ukimaliza unakuwa afisa muuguzi kamili.

Kwa hiyo mwenye diploma naye ni muuguzi aliyesajiliwa, asidharauliwe na mtu. Lakini angalieni nani anapita njia ipi. Mtoto aliyesoma sekondari yenye maabara na walimu wa fizikia anakwenda zake PCB, halafu digrii. Mtoto wa shule ya kata, aliyesoma kemia kwa kuchora mitungi ubaoni, akapata D zake nne kwa jasho, huyo anakwenda diploma. Njia ya pili ndiyo njia ya watoto wetu, na vyuo vingi vya diploma viko jirani na hospitali za misheni huko wilayani, ambako ndiko na kazi ya kwanza hupatikana.

Sasa nijibu lile la sindano. Digrii haifundishi kuchoma sindano vizuri zaidi, na nesi wa cheti mwenye miaka ishirini wadini anaweza kumwaibisha mhitimu mpya wa chuo kikuu kwenye kutafuta mshipa wa mtoto. Hilo nalikubali. Ila jiulizeni nani anafundisha hivyo vyuo vya diploma na cheti. Nani anasimamia wadi ya wagonjwa mahututi, nani anaandaa mwongozo wa kuzuia maambukizi hospitalini, nani anakaa kwenye kikao cha hospitali na madaktari akisema idadi ya wagonjwa kwa nesi mmoja imezidi, na akasikilizwa? Kazi hizo zinataka watu waliosoma zaidi, na ngazi ya utumishi wa umma yenyewe imewatenganisha maafisa wauguzi na wasaidizi wao, kwa cheo na kwa mshahara. Ukisema nesi hahitaji digrii, umesema mtoto wa shule ya kata abaki msaidizi mpaka astaafu. Kwa chama kinachohubiri usawa, hiyo kauli inatoka wapi?

Tuje kwenye hoja ya dini, ambayo ni nzito zaidi, na sipendi inavyojibiwa kwa kejeli. Mimi ni Mwislamu. Nilizaliwa hospitali ya misheni na mkunga aliyenipokea alikuwa mtawa, kwa hiyo labda nina upendeleo, mtanisamehe. Lakini najua manung'uniko yaliyopo. Februari 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu huduma za jamii, hasa elimu na afya. Waislamu wengi waliilalamikia na wapo wanaoilalamikia hadi leo, kwamba dini moja imepewa mlango wa hazina. Kijana wa chama chetu akiuliza swali hilo ana haki ya kujibiwa, asiitwe mdini.

Jibu langu ni kwamba mpaka kati ya serikali na kanisa kwenye afya ulishafutika siku nyingi, na waliofuta ni serikali yenyewe. Bugando pale Mwanza ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, serikali ikaichukua, miaka ya 1980 ikairudisha kwa makubaliano. Leo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ya watu wa dini zote, na chuo kikuu cha tiba kilichokaa juu ya kile kilima ni cha maaskofu. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1971 kwa kazi ya Walutheri na wenzao, ndiyo rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na chuo chake kinatoa digrii ya uuguzi. St. John's ya Waanglikana, Dodoma, nayo inafundisha uuguzi, na iko kwenye majengo ya iliyokuwa sekondari ya Mazengo. Hospitali teule za wilaya nyingi ni za misheni, na ndani yake wapo watumishi wanaolipwa mshahara na serikali. Na kwa wanaosema ni Wakristo tu: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kiko kwenye majengo yaliyokuwa ya shirika la umeme, yakatolewa na serikali wakati wa Rais Mkapa.

Vyuo vikuu vya serikali vyenye digrii hiyo vipo, Muhimbili na UDOM vinajulikana. Lakini nafasi zake hazitoshi wote wenye sifa. Binti wa Sengerema anayejaza fomu ya udahili anaangalia alama zake, anaangalia nauli, anaandika Bugando. Hajachagua dhehebu.

Halafu kisheria, mkopo wa elimu ya juu si ruzuku kwa chuo. Sheria ya Bodi ya Mikopo ya mwaka 2004 inamkopesha mwanafunzi, na deni ni la mwanafunzi. Anayelipa mwishoni ni yule nesi kwenye mshahara wake, askofu halipi na wala hadaiwi. Na analipa kwelikweli: marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ndiyo imeondolewa, mwaka 2021, na tulishangilia kwa sababu tuliipigia kelele. Asilimia 15 bado ipo.

Sasa mwongozo. Kila mwaka Bodi inatoa mwongozo wa kuomba mikopo, na miongozo ya miaka ya karibuni ina masharti ambayo mhitimu wa kidato cha sita anayapita bila hata kuyaona. Mwombaji asiwe na kipato kutokana na ajira au mkataba rasmi, iwe serikalini au sekta binafsi. Na awe amemaliza kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano iliyopita.

Mchukulieni nesi wa diploma aliyeanza kazi hospitali ya misheni wilayani akiwa na miaka 23. Ana mkataba, mshahara wake unaishia kodi ya chumba na ada ya mdogo wake. Anakaa zamu za usiku miaka sita, anakuwa mzuri, matroni anamwambia mwanangu nenda kasome. Anaomba chuo kikuu kilekile ambacho hospitali yake inatuma wagonjwa wa rufaa, anakubaliwa. Chuo kimefungua mlango. Akifungua mwongozo wa mikopo anakuta hana sifa kwa sababu ana mkataba. Akiacha kazi ili awe na sifa, anakuta miaka mitano imeshapita tangu amalize diploma. Yaani kosa lake ni kwamba alikwenda kuhudumia wagonjwa kwanza.

Mwenzake aliyeajiriwa serikalini walau anaweza kuomba ruhusa ya masomo na akiipata mshahara unaendelea kuingia. Huyu wa misheni akiondoka, mkataba umekwisha. Anabaki na njia za kawaida za Mtanzania: kuuza kiwanja, kukopa vikoba, kuomba mjomba. Wengi wanaahirisha mwaka, kisha mwaka mwingine, halafu wanaolewa, wanazaa, barua ya udahili inabaki kabatini.

Kinachonishangaza mimi ni hesabu yenyewe. Bodi kila siku inahangaika kuwatafuta wadaiwa waliomaliza chuo hawajulikani walipo, wengine hawana ajira, wengine wako nje ya mfumo rasmi. Huyu nesi ana kazi inayotafutwa, ana namba ya usajili ya Baraza, ana mwajiri anayejulikana, na akirudi na digrii mshahara unapanda. Katika waombaji wote, ndiye mdaiwa mwenye uhakika kuliko wote. Ndiye anayefungiwa.

Serikali ilifanya jambo zuri mwaka 2023/24 ilipoanza kuwakopesha wanafunzi wa diploma, na kozi za afya zikawemo. Tuseme kweli hata kama hatuipendi serikali hiyo. Lakini imeongeza watu kwenye ngazi ya chini bila kugusa ngazi ya kupandia. Wale waliokopeshwa diploma wakimaliza, wakafanya kazi, wakataka digrii, watagonga ukuta uleule. Na mwaka huohuo wa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mkishawapa watu wote kadi, watakwenda hospitali. Watamkuta nani wadini?

Najua kuna makamanda wataniambia yote haya dawa yake ni Katiba Mpya. Kwa sehemu ni kweli. Ibara ya 11 ya Katiba ya sasa inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa za elimu katika ngazi zote. Maneno mazuri. Ila ibara hiyo imewekwa kwenye sehemu ile ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama yoyote. Nesi wetu hawezi kuibeba kwenda Mahakama Kuu na akashinda. Tunapodai elimu iwe haki inayodaiwa mahakamani, tunadai kitu chenye maana kwa watu kama yeye, na nitaendelea kudai.

Lakini si kila kitu kisubiri Katiba Mpya. Mwongozo wa mikopo si sheria ya Bunge. Unaandikwa upya kila mwaka. Unaweza kubadilishwa mwaka huu kwa kalamu moja, bila mswada, bila kura ya maoni. Ndiyo maana naona baraza letu la vijana likomae na hili dogo kwanza: kwa wauguzi na kada nyingine za afya wanaojiendeleza, sharti la kutokuwa na ajira liondolewe na ukomo wa miaka mitano usihesabu muda waliokuwa kazini. Chuo kiwe cha serikali, cha maaskofu au cha masheikh, alimradi kina ithibati na kozi inatambuliwa na Baraza la Uuguzi. Na kwa vyuo vya dini vinavyopokea wanafunzi wa mkopo, tuongeze sharti letu: kusiwe na ubaguzi wa dini kwenye udahili, na asilazimishwe mtu ibada. Hapo yule kamanda wa upande wa pili naye tumempa kitu cha kushika, na nadhani ni haki yake.

Suala la ada ya chuo binafsi kuzidi kiwango cha mkopo lipo pia, na posho za watarajali, na wahitimu wanaojitolea vituoni bila ajira. Kila moja linataka makala yake. Nimechagua hili la waliokazini kwa sababu halijapigiwa kelele na mtu, na kwa sababu gharama yake ni ndogo na hoja ya kulikataa sijaiona.

Rasimu ya sera inajadiliwa kwenye kikao kijacho cha baraza. Nimeandaa kipengele cha mistari sita, nitakiweka kwenye kundi la mkoa. Wenye ndugu wauguzi waliokwama kwenye mwongozo, waombeni ruhusa muandike walikwama mwaka gani na kwa sharti lipi, majina msiweke. Tukienda na kurasa mbili za visa kama hivyo, mjadala wa sindano utakuwa umekwisha kabla ya chai.