Gata Moja, Kaya Mbili

Minada ya korosho ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI ikianza kuwaingizia fedha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale mwezi Oktoba, mvua za kusini huwa zimebakiza wiki chache kuanza. Fedha zenyewe zina kazi nyingi: ada, sare, deni la dukani, mahitaji ya shamba. Gata linalovuja hukumbukwa Januari, maji yakiwa yameshapiga ukuta usiku kucha.

Pale familia mbili zinapoishi chini ya paa moja, tatizo huongezeka. Nyumba hizi za "mbili kwa moja" zimejengwa sehemu nyingi nchini kwa ajili ya walimu na watumishi wa afya. Nyingine ni za ndugu waliogawana urithi, au za mwenye nyumba aliyepangisha pande zote. Gata huanzia kwa mmoja likaishia kwa mwenzake, na ubishi huanzia hapo: linavuja kwa nani?

Swali hilo halina maana, kwa sababu maji mara nyingi huvuja mbali na penye kosa. Majani ya mwembe yakiziba bomba la kushushia maji upande wa kulia, maji husimama, uzito wake hukunja vishikio, kiungo cha katikati hufunguka, na anayelowa ni wa kushoto. Huyo hununua silikoni, akapaka juu ya bati lenye vumbi na unyevu. Mvua ya pili inaibandua. Amelipa, na chanzo kiko palepale.

Kutengeneza nusu ya gata ni kutupa fedha. Fundi apande mara moja asafishe urefu wote, kisha apime mteremko kwa uzi na pima maji, angalau nusu sentimita kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Vishikio vilivyopinda vibadilishwe, ubao uliooza nyuma ya gata utolewe, na viungo vizibwe mwishoni, vikiwa vikavu. Gharama igawanywe nusu kwa nusu, bila kujali tone linaangukia mlango wa nani. Hata asiyelowa anahusika: ukuta wa kati ni wake pia, na maji yanayochimba msingi hayasimami mpakani.

Tena kuna faida ya kugawana: maji ya kukinga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 80, kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 64,000. Hata robo ikipotea, zinabaki lita 48,000, sawa na ndoo 2,400 za lita 20. Huku ni kusini, ambako Serikali imelazimika kujenga mradi wa kuyatoa maji Nyangao ili yafike vijiji vya Ruangwa na Nachingwea. Kuyaacha ya paani yamwagike uani ni hasara isiyo na sababu.

Afya nayo imo. Mwaka 1952 homa ya chikungunya ilizuka Newala, kwenye nyanda za Wamakonde, na huko ndiko wataalamu walikoielezea kwa mara ya kwanza. Anayeieneza ni mbu aina ya Aedes, yuleyule wa dengi, anayeuma mchana na kuzaliana katika maji yaliyotuama karibu na watu. Gata lililoziba linamtosha kabisa, na mbu aliyezaliwa upande mmoja huuma pande zote mbili.

Majirani wakishindwana, waanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baraza la kata nalo lipo, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Bora wasifike huko. Karatasi moja yenye sahihi mbili, inayosema nani anamwita fundi na kila mmoja anachangia kiasi gani, huzuia ugomvi mwingi, hasa mpangaji mmoja anapohama na mwingine kuingia.

Nyumba za watumishi zina ugumu wake. Mwalimu anaona nyumba ni ya halmashauri, halmashauri inaona anayeishi humo ni mwalimu, na maji yanaendelea kula ukuta uliojengwa kwa kodi za wananchi. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zitenge fungu dogo la magata kila mwaka, na kila mkuu wa shule na mganga mfawidhi apeleke orodha ya yaliyoharibika kabla ya Oktoba kwisha. Wenye nyumba binafsi wasisubiri agizo: fedha ya korosho ikiingia, wabishe hodi kwa jirani wiki hiyohiyo na wamwite fundi mmoja.