Tiba ya Ngozi Yahitaji Jina la Kiswahili

Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilishika moto katika kitongoji cha Sinai, Nairobi, ikaua watu zaidi ya 100. Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi na kujeruhi mamia. Wakazi wa Eastlands hawahitaji kuelezwa maana ya kuungua. Wanachokosa ni maelezo ya tiba yake kwa lugha waielewayo.

Aliyeungua sana hupoteza tabaka la ndani la ngozi. Mwili hauwezi kulirejesha wenyewe, bali hufanya kovu linalokaza viungo. Huko Marekani, daktari John Burke na mhandisi Ioannis Yannas walichanganya kolajeni ya ng'ombe na kemikali itokanayo na gegedu la papa, wakaunda utando wenye vitundu. Utando huo uliidhinishwa rasmi mwaka 1996.

Utengenezaji wake si muujiza. Mchanganyiko huo hugandishwa, na chembe za barafu hujitengea nafasi. Kisha barafu hugeuzwa mvuke bila kuwa maji kwanza, na nafasi zake hubaki kuwa vitundu. Vikiwa vidogo mno, seli haziwezi kupenya; vikiwa vikubwa mno, hukosa pa kushika. Seli zikijenga tishu yao, utando huyeyuka polepole.

Je, tuuiteje? Wapo watakaosema "jukwaa", kama lile la waashi wa Kayole, ambalo huondolewa jengo likikamilika. Lakini jukwaa husimama nje ya jengo, ilhali seli hukua ndani ya utando. "Kiunzi" lafaa zaidi: asili yake ni kitenzi "unda", na tayari twasema "kiunzi cha mifupa". Kweli, mwanafunzi atakumbuka mbio za kuruka viunzi. Hilo mwalimu ataliondoa kwa sentensi moja.

Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, lakini sayansi katika shule za upili ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto apitaye soko la nyama la Burma huona kano na mifupa kila siku. Nani atamwambia kwamba humo mna kolajeni, malighafi ya ngozi ya jirani yake aliyeungua? Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa bayolojia wasingoje kamati. Na waketi pamoja, wakubaliane kuhusu istilahi, kisha waingie nazo darasani. Istilahi isiyotamkwa na wanafunzi hufia kamusini.