Tusinunue taa kabla ya kulipima jua

Tangu mtaala wa umilisi ulipotilia mkazo masomo ya vitendo, walimu wengi wa Kilimo wamekuwa wakitafuta njia ya kuwafunza wanafunzi ukulima hata pale ambapo shule haina shamba. Baadhi yao, wakiwemo walimu wa Kitale na Bungoma, wamevutiwa na akuaponiki, yaani ufugaji wa samaki na ukuzaji wa mboga kwa maji yale yale. Swali ninaloulizwa nao mara kwa mara ni hili: ni taa gani ya bei nafuu inayofaa kutundikwa chumbani ili mboga zistawi? Nionavyo mimi, lipo swali linalolitangulia hilo. Je, taa yenyewe inahitajika?

Kanuni ya akuaponiki haina utata. Samaki hutoa amonia majini, bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa nitrati, nayo mizizi ya mboga huifyonza nitrati kama mbolea na kuyarudisha maji yakiwa safi. Lakini mbolea bila mwanga ni kazi bure. Usanisinuru hautendeki gizani, na mboga iliyokosa nuru hurefuka, ikapauka na kulala.

Hapa ndipo macho yetu yanapotuhadaa. Chumba cha darasa chenye taa nzuri hupata takriban lumeni 500 kwa kila mita mraba, nasi hukiona kimeng'aa. Nje, jua la adhuhuri huweza kufikisha lumeni 100,000. Kwetu sisi chumba kile kinang'aa. Kwa mmea ni usiku. Vitabu vingi vya bustani za ndani vimeandikiwa watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako mchana wa majira ya baridi ni mfupi mno. Kitale na Bungoma zimo karibu na Ikweta na hupata mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima. Tusiuige ugonjwa tusiokuwa nao kwa sababu tumeipenda dawa yake.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mboga za majani zinazokuzwa kwa taa pekee huhitaji takriban wati 100 za taa bora za LED kwa kila mita mraba, kwa muda wa saa 15 kila siku. Hiyo ni uniti moja na nusu ya umeme kwa siku, au uniti 60 kwa siku 40. Tukikadiria uniti moja kuwa shilingi 25, mwanga peke yake utagharimu shilingi 1,500. Bado hatujalipia pampu, chakula cha samaki, wala taa yenyewe. Mwambie mama mboga wa soko la Chwele kwamba sukuma wiki ya mita mraba moja imekugharimu kiasi hicho, uone kama hatacheka.

Sisemi kwamba taa hazina mahali pake. Miche michanga huhitaji takriban nusu ya mwanga huo, na hukaa kitaluni kwa muda mfupi. Wati 50 kwa saa 14, kwa majuma mawili, ni takriban uniti 10, yaani shilingi 250. Mita mraba moja yaweza kubeba miche 500, hivyo kila mche utakuwa umegharimu nusu shilingi. Hapo taa inajilipia. Aidha, mwanafunzi anayelinganisha miche iliyokua chini ya taa na ile iliyokua dirishani anajifunza sayansi ya kweli.

Kwa shule iliyokwisha kuamua kununua, nina ushauri ufuatao. Kwanza, wasome wati zinazotumika hasa, wala wasihadaike na maandishi makubwa ya sandukuni yanayosema taa ni "sawa na" wati kadhaa. Pili, wachague LED nyeupe zinazotoa lumeni 100 au zaidi kwa kila wati. Taa za zambarau huvutia macho, lakini utafiti wa K. J. McCree uliochapishwa mwaka wa 1972 ulikwisha kuonyesha kwamba majani hutumia hata mwanga wa kijani. Isitoshe, chini ya zambarau mwalimu hawezi kuona jani lililoanza kugeuka manjano. Tatu, taa isitundikwe darini. LED hazina joto kali, basi ishushwe hadi sentimita 30 hivi juu ya majani. Nne, iwe na kinga dhidi ya maji, alama ya ubora ya KEBS, na waya wa ardhi uliofungwa na fundi aliyehitimu. Maji na umeme havina urafiki, na hao ni watoto wa watu.

Hata hivyo, kuna jambo linalosahaulika kila tunapozungumza juu ya taa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Ngege hukua vyema maji yakiwa na nyuzi kati ya 25 na 30. Yakishuka chini ya 20, hudumaa. Bungoma iko chini zaidi na ina joto zaidi. Kwa hiyo shule ya Kitale inayotumia fedha zake kwa taa yaweza kuwa inatibu jicho ilhali mgonjwa anaumwa na tumbo. Kivungulio cha karatasi ya plastiki huleta nuru na joto kwa pamoja, bila ankara ya kila mwezi. Tangi la samaki tu ndilo lifunikwe, kwani mwanga ukiingia majini huotesha mwani.

Tena umeme wetu hukatika. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima ilitumbukia gizani kwa saa nyingi. Mboga huvumilia usiku mmoja wa giza. Samaki waliosongamana katika tangi ambalo pampu yake imezimika hawavumilii. Mwenye fedha chache na anunue betri ya pampu kabla ya taa.

Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Vingi viliachwa baadaye, kwani chakula cha samaki kilikuwa ghali na soko halikuwa la kutegemewa. Gharama ya kuanza ililipwa kwa shangwe. Gharama ya kila siku haikuwa na mwenyewe. Bustani za shule zitafuata njia hiyo hiyo iwapo wakuu wa shule na bodi zao watatia sahihi ununuzi wa taa kabla ya wanafunzi kukadiria ankara. Wapewe daftari, kipimajoto na juma moja la kulitazama jua linavyopita juu ya paa la shule. Huenda wakagundua kwamba kinachohitajika ni kubandua mabati mawili na kuweka ya plastiki yanayopitisha nuru.